Karafuu Kwenye Kiwanja cha Ndege

Duka la Hakimuddin mjini Chake Chake lilikuwa na mlango mmoja tu, na msimu ule wa karafuu wa mwaka 1936 watu walikuwa wakigombea kuingia kama vile ndani kunagaiwa pepo. Wachumaji walitaka kanzu, wake zao walitaka kanga zilizoshuka juzi kutoka Unguja, na wazee walitaka mahali pa kukaa ili waone nani ananunua nini. Katikati ya msukumano huo Matano alishika ncha ya jora la mwisho la bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, akavuta. Jora halikuja. Akavuta kwa nguvu zaidi, nalo likavutwa kwa nguvu zaidi kutoka upande wa pili.

Alipoinua uso akaona buibui lililoachwa wazi kwa ajili ya joto, kanga nyekundu ndani yake, ua la kilua limechomekwa nyuma ya sikio, na macho yaliyotiwa wanja ambayo hayakuwa na haraka ya kwenda popote. Matano alikuwa amevaa kaptula mpya ya kaki na tarbushi nyekundu, vyote vya serikali. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kaptula ile ilimzidi kiuno na kwamba alikuwa ameikaza kwa kamba ya usumba.

"Bwana, wavuta nguo yangu," alisema yule mwanamke.

"Nguo hino si yako, bibi. Ni ya serikali."

"Serikali yavaa bafta?"

Watu waliokuwa karibu wakaacha kununua, wakasikiliza. Ikambidi Matano aeleze kwamba yeye ndiye mlinzi wa kiwanja kipya cha ndege, na kwamba bafta ile ilikuwa ya kushonea mfuko wa upepo. Yule mwanamke akauliza mfuko wa upepo ni kitu gani.

"Ni mfuko. Watundikwa juu ya mlingoti, upepo ukaingia ndani."

"Ukishajaa mwaufunga?"

"Haujai. Uko wazi huku na huku."

"Kumbe umetoboka chini."

"Ndivyo unavyotakiwa," alisema Matano, na duka zima likamtazama kwa huruma.

Hakimuddin, mzee wa Kibohora mwenye miwani mizito, alisema bafta hiyo atamuuzia yule atakayebaki ameishika, akageukia mteja mwingine. Lakini yule mwanamke aliviangalia vidole vya Matano, akamuuliza nani atakayeushona mfuko huo. Matano akasema ataushona mwenyewe. Mwanamke akaiachia ncha yake ya jora. Alisema yeye hushona kofia za kiua, anaitwa Mwanapili, anakaa kwa shangazi yake Bi Kijakazi njia ya Wawi, na kwamba ataushona mfuko huo wa serikali kwa sharti moja: kitakachobaki ni chake. Matano akakubali kabla hajauliza kitabaki kiasi gani. Kilibaki cha kutosha kofia za ukoo mzima.

Kiwanja chenyewe hakikuwa na historia ndefu. Kilikuwa kichaka cha nguruwe pori, kisha kikawa muhogo wa watu, kisha wakaja vibarua wakang'oa muhogo, wakakata minazi, wakasawazisha mchanga na kupanda majani. Pakapigwa duara kubwa la chokaa katikati, ili ndege ikiwa juu ijue hapo ndipo Pemba. Kando kulijengwa banda la makuti lenye benchi la abiria, madebe ya mchanga ya kuzimia moto, na simu ya kukoroga iliyounganishwa na boma. Ndege peke yake ndiyo iliyokosekana. Mara tatu ilisemwa inakuja, na mara tatu watu walivaa nguo za Idi wakakaa juani mpaka alasiri, wakarudi makwao na kiu. Tangu hapo mtu akitaka kusema jambo haliwi, alisema litakuja na ndege ya Matano.

Matano hakujali. Alikuwa na mfuko wake mweupe juu ya mlingoti, na kila ulipojaa upepo alimkumbuka aliyeushona. Tatizo lilikuwa kwamba mfuko umeshonwa vizuri, na kitu kilichoshonwa vizuri hakimpi mtu sababu ya kurudi kwa mshonaji. Basi mwezi ule mfuko wa upepo ukawa unachanika kuliko kanzu ya mkwezi. Kila ulipochanika Matano aliukunja, akauweka begani na kushika njia ya Wawi, akakaa ukumbini kwa Bi Kijakazi akinywa kahawa, huku Mwanapili akitia viraka. Mara ya nne Mwanapili aliuinua mfuko mbele ya mwanga, akautazama sana.

"Bwana Matano, upepo wa huko kwenu una kisu?"

Matano akasema upepo wa kule juu ni mkali.

"Naona. Hapa umekata, ukachoka, ukapumzika, kisha ukaendelea." Akamrejeshea mfuko bila kucheka, ila kwa macho tu. "Siku nyengine ukitaka kuja, njoo. Mfuko uwache huko huko, maskini."

Akaja, siku baada ya siku, bila mfuko. Mwanapili alikuwa mtalaka. Aliwahi kuolewa Jadida, kule Wete, na karani wa forodha aliyependa zaidi kulala forodhani kuliko nyumbani. Alizowea kuishi bila ya mume na hakuona haya kusema hivyo. Alimwita Matano "bwana hewa", akamfundisha kukaza kaptula kwa mshipi wa ngozi, akamcheka alipojaribu kumweleza habari za injini ambazo hata yeye hakuzijua. Naye Matano, aliyefika miaka thelathini bila mtu wa kumcheka kwa mapenzi, aliona dunia imekuwa pana. Akapeleka posa.

Bi Kijakazi aliipokea. Walii wa kumwoza Mwanapili alikuwa ami yake wa Kiuyu, lakini huyo hakuwahi kusema jambo ambalo dada yake Bi Kijakazi hajalisema kwanza. Bi Kijakazi alisema hana neno na kijana, ila kazi ya kulinda majani haiaminiki. Mudiri, mkubwa wa boma, alikwisha kumwambia Matano kwamba ndege ya kwanza ikitua salama ataandikwa kazi ya kudumu, na isipotua, kaptula itarudi boma na yeye atarudi kwao Pujini. Basi Bi Kijakazi akakata shauri hapo hapo: itue kwanza, ndipo aoze. Asiye na kazi hamwozi.

Sasa mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Watu walichuma mchana, wakachambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake mpaka vidole vikawa vyeusi, na kila sakafu, kila jamvi, kila ua ulijaa karafuu zilizoanikwa. Na mvua za vuli zilikuwa zinavizia. Karafuu iliyonyeshewa huota ukungu ikaharibika, ndiyo maana Wapemba wana dasturi isiyovunjwa na mtu: wa kwanza kuiona mvua hupiga ukelele, na kila asikiaye huacha alilo nalo, hata awe amenyolewa nusu ya kichwa, akakimbilia karafuu zilizo karibu na kuzianua, ziwe zake au za hasimu yake. Kujua ipi ya nani ni kazi ya baadaye.

Mwanapili alikwenda kiwanjani asubuhi moja, akasimama kando ya Matano, akaiangalia ile ardhi tambarare, kavu, isiyo na kivuli hata cha mpapai.

"Kipenzi, jua lote hili lalala bure?"

"Ni kiwanja cha ndege, Mwanapili."

"Ndege iko wapi?"

Lilikuwa swali gumu. Akamwomba kipembe kidogo tu, karibu na mlingoti, kwa karafuu za shangazi. Akamwita "habibi", neno ambalo hajawahi kumwita. Matano akatazama kulia na kushoto, akasema sawa, lakini jamvi moja tu.

Kesho yake yalikuwapo majamvi kumi na mawili. Keshokutwa Matano aliacha kuhesabu. Mpemba akiona mahali pakavu penye jua katika msimu ule hawezi kufikiri jambo jingine, na kila aliyekuja alisema ruhusa amepewa na Mwanapili, mchumba wa mwenye kiwanja. Mwishoni mwa wiki hata duara la chokaa halikuonekana. Kiwanja chote kilikuwa chekundu, kinanukia mpaka mjini, na wanawake walikuwa wakipita katikati yake kugeuza karafuu kwa nyayo huku wakipiga soga. Matano alikuwa na hofu, na wakati huo huo hajawahi kuwa na furaha namna ile, maana kila mtu alimsalimia kwa jina.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mbarouk, karani wa boma, ambaye aliamini simu husikia vizuri zaidi mtu akipiga kelele. Alisema ndege inakuja kesho baada ya adhuhuri, safari hii kweli, na ndani yake yumo mgeni mkubwa wa serikali. Matano akaenda jamvi baada ya jamvi kuwaambia watu. Wakamsikiliza kwa adabu, wakamuuliza kama ndege hiyo ni ile ile ya zamani au nyengine, kisha wakaendelea kugeuza karafuu.

Baada ya sala ya Ijumaa gari la boma likapanda kilima, akashuka mudiri mwenyewe na joho lake jeusi lenye uzi wa dhahabu. Alisimama, akakitazama kiwanja cha ndege cha serikali. Kisha akauliza kwa upole wa kutisha karafuu zile ni za nani.

"Siwajui wenyewe, bwana," alisema Matano. "Wamevamia."

Mudiri akamnyooshea kidole Mwanapili, aliyekuwa karibu kabisa, chini ya mlingoti, mguu mmoja ndani ya karafuu.

"Na huyu?"

Matano aliiona kazi yake, akaiona harusi yake, na katika kuogopa kuvikosa akasema neno la kipumbavu kuliko yote aliyowahi kusema. "Simjui, bwana. Mpita njia tu."

Mudiri akaamuru kiwanja kiwe kitupu kesho, akaondoka. Mwanapili alizikusanya karafuu zake polepole, akajaza pakacha, akajitwisha. Matano akamkimbilia mpaka njiani, akamwambia alishikwa na hofu, kwamba alifanya vile kwa ajili ya harusi yao.

Mwanapili akasimama. "Bwana huyu anayenisemesha njiani ni nani? Mie simjui." Akaenda zake, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kabisa.

Matano alirudi kwenye banda, akakaa juu ya benchi la abiria. Alijua kwamba hata ndege ikitua vizuri namna gani, amekwisha kumpoteza yule ambaye kwa ajili yake alitaka itue.

Na habari zilishafika kila nyumba. Jumamosi asubuhi watu walikuja na majamvi yao kama kawaida, na mlinzi alipowasihi, wakamwambia waziwazi kwamba mtu aliyemkana mchumba wake mchana kweupe hawezi kuwaambia wao habari za ndege. Aliyemshangaza zaidi ni Bi Kijakazi. Yeye alikuwa na hasira kuliko wote, na kwa kumkomoa akaja na karafuu zote zilizomo nyumbani, akazimwaga katikati, juu ya duara la chokaa, akaweka kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na kukikalia. Mwanapili alimfuata nyuma kumbembeleza arudi nyumbani. Hakumtazama Matano hata mara moja.

Simu ikalia.

"Imeshaondoka Unguja," alipiga kelele Mbarouk. "Mudiri yuko njiani. Kiwanja ki tayari?"

Matano akatazama nje, akaona wekundu mtupu kutoka mwisho hadi mwisho, na Bi Kijakazi akila tambuu katikati yake. "Ki tayari," akasema, kwa kuwa hakujua la kusema.

Akatoka akikimbia. Akapiga debe, akawaomba kwa baba zao na mama zao, mpaka sauti ikamkauka. Gari la boma lilifika, mudiri akashuka, naye akaanza kutoa amri kwa Kiarabu na Kiswahili. Watu walimwamkia kwa heshima zote, wakabaki palepale, wakisema karafuu hazijakauka. Ndipo mlio ukasikika kutoka upande wa bahari, na ndege ya Matano, iliyochekwa msimu mzima, ikatokea juu ya minazi, ndogo, yenye kung'aa. Basi ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Watu wote walisimama pale walipo, wakainua vichwa na kupunga mikono, wakifurahi kwamba kumbe kweli ipo. Ndege ikashuka, ikaona chini hakuna majani ila watu na karafuu, ikapanda. Ikazunguka. Ikashuka tena, watu wakapunga zaidi. Rubani hakuwa na pa kutua, na alipozunguka mara ya pili kila mtu mwenye akili aliona kwamba anajiandaa kurudi alikotoka.

Matano alikaa chini. Mwanapili alimwona akikaa. Alimwona mtu mzima na kaptula yake ya kaki, magoti yamepanda juu, tarbushi imeangukia sikioni, na hasira aliyokuwa ameitunza tangu jana ikampungukia bila ya ruhusa yake. Akamtazama shangazi yake katikati ya kiwanja. Kisha akapanda juu ya benchi la abiria, akaweka viganja mdomoni.

"Mvua! Mvua jamani! Anueni!"

Mbingu ilikuwa buluu, haina wingu hata la kupangusia uso. Hakuna aliyeangalia. Neno lile likishaingia masikioni mwa Mpemba msimu wa karafuu, mikono huanza kabla ya kichwa. Majamvi yalikunjwa, magunia yakajazwa, mapakacha yakapita juu ya vichwa. Mahasimu wakasaidiana, dereva wa gari la boma akanyakua ncha ya jamvi, na mudiri mwenyewe, aliyezaliwa Wete katika nyumba ya karafuu, akajikuta amepiga magoti anazoa kwa mikono miwili na kutia katika joho lake. Bi Kijakazi alikimbia na kibao. Ndege ilipomaliza kuzunguka, kiwanja kilikuwa kijani tena, na duara la chokaa lilikuwa jeupe katikati yake.

Ikatua. Ikaruka kidogo kama mbuzi, ikatua tena, ikasimama mbele ya banda huku rafadha yake ikizunguka na kupeperusha karafuu zilizosazwa na kuzijaza kwenye ndevu za mudiri. Mgeni mkubwa, Mzungu mrefu mwenye nguo nyeupe, alishuka, akavuta pumzi, akasema hajawahi kufika kiwanja cha ndege kinachonukia hivi. Kisha akauliza watu wale wote waliosimama pembeni na magunia vichwani wanangoja nini. Matano akajibu kwa adabu kwamba wanangoja mvua. Mgeni akaitazama mbingu, akashukuru, akaingia bandani kunywa madafu.

Mudiri akamvuta Matano kando, akikung'uta joho.

"Nambie kweli sasa. Nani aliyewaruhusu hawa? Kama walivamia kama ulivyosema, basi leo walala ndani, na wa kwanza ni yule mpita njia aliyenadi mvua ya uongo."

Ndege ilikuwa imetua salama. Kazi ya kudumu ilikuwa hapo, na kuipata kulitaka neno moja tu, lile lile la jana. Matano akamtazama Mwanapili, aliyekuwa bado juu ya benchi, na kila mtu kiwanjani alikuwa akisikiliza.

"Namjua, bwana," alisema. "Jana nilisema uongo. Yule ni Mwanapili, mchumba wangu, kama bado anikubali. Mie ndiye niliyempa ruhusa ya kuanika, na wengine wakafuata kwa sababu yake. Wa kulala ndani ni mie."

Mudiri alifikiri. Hakuweza kumfunga mtu mbele ya mgeni aliyesifu harufu, na hakuweza kumwacha hivi hivi mbele ya watu. Akanyoosha mkono. Matano akavua tarbushi ya serikali akampa. Kaptula, alisema mudiri, ataileta kesho.

Bi Kijakazi alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, kwa sauti iliyofika hadi bandani, kwamba yeye habadili maneno, na sharti lake lilikuwa kazi, na kijana sasa hana kazi.

Mwanapili akashuka kwenye benchi. "Shangazi, yule mume wa mwanzo alikuwa na kazi. Kazi yake nilikuwa naisikia kila siku. Yeye mwenyewe sikumwona." Akamkaribia Matano, akamtazama kuanzia kichwa kilichokuwa wazi mpaka chini. "Na weye. Ukiulizwa tena, utasema wanijua?"

"Ntasema."

"Hata mbele ya watu wakubwa?"

"Hata wakishuka na ndege kila siku."

"Haya. Chukua hilo pakacha la shangazi, lisije likanitoa shingo."

Akalichukua, akajitwika, wakaishika njia ya Wawi, yeye na Mwanapili bega kwa bega, karafuu zikimdondokea shingoni. Alikuwa hana kazi na hana tarbushi, na miguu yake ilikuwa myepesi. Bi Kijakazi alifuata nyuma na kibao chake, amenuna, hasemi na mtu. Walipofika karibu na nyumba ndipo alipofungua kinywa.

"Nyosha mgongo," alimwambia Matano. "Wanimwagia karafuu, mwanangu."

Matano akanyoosha mgongo, na Mwanapili akageuza uso upande wa pili wa njia, kwa kuwa lile neno la mwisho la shangazi lilimliza na hakutaka wamwone.